Kikohozi cha Silinda ya Nne

Fundi Uwesu hufumba macho anaposikiliza injini, na wasiomjua hudhani amelala. Wapo wateja waliowahi kumtikisa bega. Mmoja, mwenye haraka zake, alimwambia, "Mzee, kama umechoka sema, nitafute fundi mwingine." Uwesu akamjibu bila kufumbua jicho, "Feni belti yako imelegea, na kuna funguo zimekudondokea chini ya kiti, zinagonga bati." Yule bwana akainama, akazikuta. Tangu siku hiyo pale Moshono tukamwita Fundi Usingizi, na yeye huitika.

Mimi naitwa Swabaha. Nauza spea kwenye kontena lililo ubavuni mwa gereji yake, huu mwaka wa kumi na moja, na ninamjua Uwesu kuliko ninavyowajua baadhi ya mashemeji zangu. Kazaliwa Kaloleni, hapa hapa Arusha, mtoto wa fundi cherehani aliyepanda kutoka Pangani kufuata riziki na asirudi tena. Baba mtu alitaka mwanawe arithi cherehani. Mwana akawa anashinda nje ya gereji ya Singasinga mmoja, hafanyi lolote, anasikiliza tu. Singasinga alipochoka kumfukuza akampa spana. Leo ana miaka sitini na minne, na mkewe, bi Zamda, analalamika kwamba hata usingizini mumewe anaongea na silinda. "Kwani silinda zina majina?" nilimuuliza. "Zina namba," akasema, "lakini anaziita kwa upole ambao mimi sijausikia tangu harusi."

Mimi husema ukweli hata ukiniumiza: fundi wa namna hii anafilisi duka. Mafundi wengine wakisikia mlio wanakuja kwangu mbio, nipe hiki, nipe kile, tujaribu. Uwesu hanunui hata boliti mpaka ajue. Anaweza kukaa na gari siku mbili akilitazama tu, mimi huku nahesabu nzi.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Mlima Meru hujificha. Unaamka unakuta ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, huoni barabara, na sauti zinakufikia kabla ya watu wenyewe. Mimi hupenda asubuhi hizo. Nakaa mlangoni na kikombe cha tangawizi, nasikia kengele ya baiskeli isiyo na baiskeli, kicheko kisicho na mtu, jogoo wa jirani akiwika kutoka mbinguni. Unaweza ukaamini bado hujaamka, na wala usijali.

Katika ukungu huo ndimo kilimotokea kikohozi. Tu-tu-tu, kimya. Tu-tu-tu, kimya. Uwesu alikuwa anakunywa kahawa yake. Akaweka kikombe chini, akafumba macho. Lori lilipotokeza, tani tatu, rangi ya bluu iliyochakaa, moshi mweusi nyuma yake, yeye alikuwa ameshalisikiliza vya kutosha. "Linamisi," akaniambia. "Silinda moja kati ya nne haifanyi kazi. Na si jambo la jana."

Aliyeshuka ni Aminieli, mkulima wa Nkoaranga, mtu wa makamo, mzee wa kanisa, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimfahamu kidogo. Mafundi wawili waliolishika lori lake kabla walinunua kwangu nozo, zile ncha zinazopulizia mafuta ndani ya silinda, seti nzima kila mmoja, na mimi niliziuza bila kuuliza swali, Mungu anisamehe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tangu lini linakohoa?"

"Miaka mitatu." Akalitazama lori kwa uchungu. "Lilikuwa linakohoa linafanya kazi. Nabeba kahawa za wenzangu kutoka kule juu mpaka kiwandani Usa River. Msimu huu mnunuzi kaleta kipimo cha moshi. Wanaingiza mrija kwenye ekzosi, unakanyaga mafuta mpaka mwisho, mashine inasoma. Nimeanguka mara mbili. Keshokutwa Alhamisi ndiyo ya mwisho."

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Likianguka, mzee, Jumamosi kikao cha ukoo kinakaa, na ninataka uje useme kama fundi kwamba lori hili liliuliwa na Elinipa. Nitadai kihamba chake kiwe fidia."

Elinipa ni kaka yake wa tumbo moja, mkubwa wake kwa miaka minne. Lori lilikuwa la baba yao. Elinipa ndiye aliyekuwa akiliendesha, na siku moja akapanda mlima bila kutazama maji. Injini ikachemka, gasketi ikaungua, na alipoulizwa akadanganya kwamba bomba lilipasuka lenyewe. Aminieli akalitengeneza, lakini akamwambia kaka yake mbele za watu kwamba yeye si mtoto wa mama yao. Wiki ileile lori likaanza kukohoa. Haikupita siku nyingi Elinipa akafunga nyumba, akahamia Makumira na mkewe Eunike, na huko anapika kwenye hosteli moja ya wanafunzi. Migomba na kahawa zake zimebaki Nkoaranga, zimepakana na za mdogo wake, na watu hawa hawajasalimiana tena.

"Kabla hajaondoka alilitia mkono," alisema Aminieli. "Kwa nini lianze kukohoa wiki ileile?"

Mimi si Mmeru, lakini nimekaa nao. Kihamba si shamba tu. Hapo wamelala babu zako na hapo utalala wewe. Kumnyang'anya mtu kihamba ni kumnyang'anya mpaka kaburi, na huyu bwana alikuwa analisema hilo huku amesimama kwenye gereji yetu na koti lake la kanisani. Nilitamani nimpige kwa feni belti.

Uwesu akasema, "Injini nitaitazama. Ushahidi sijakuahidi."

Nilijua kwa nini. Zamani, akiwa kijana mwenye kujiamini, aliwahi kuulizwa na tajiri mmoja ni nani aliyeua injini ya basi lake. Akajibu palepale: dereva. Dereva aliitwa Thomasi. Akafukuzwa siku hiyohiyo, akarudi kwao Singida. Wiki moja baadaye Uwesu akaifungua injini ile na kukuta ufa wa tangu kiwandani. Alimtafuta Thomasi kwa miaka, hakumpata. Alinisimulia mara moja tu, mvua ikinyesha, na hatukurudia tena mazungumzo hayo.

Akabinua kabini, akawasha, akachukua spana. Injini ya dizeli ina bomba jembamba linalopeleka mafuta kwa kila silinda. Fundi hulegeza nati ya bomba moja, mafuta yakavuja nje, silinda ile ikakosa chakula. Kama ilikuwa nzima, injini inayumba. Kama ilikuwa mgonjwa, hubaki vilevile. Uwesu akalegeza ya kwanza, lori likatetemeka. Ya pili, likatetemeka. Ya tatu, nusura lizime. Akalegeza ya nne, na hakuna kilichobadilika.

"Ni huyu wa nne," akasema.

Aminieli akasogea. "Nozo?"

"Nozo umeshauziwa mara mbili," alisema Uwesu, na mimi nikajifanya nafuta vumbi. Hata hivyo akaichomoa nozo ya silinda ya nne, akaiweka kwenye ya pili, na ya pili akaileta ya nne. Nozo ikiwa mbovu, ugonjwa huhama nayo. Haukuhama. Akapima namna silinda ile inavyobana, akakuta inabana sawa na wenzake. Akachungulia valvu. Nzima. Hapo jioni ikawa imefika, ukungu umerudi, na Uwesu akafuta mikono kwa kitambaa.

"Gasketi aliyoiunguza kaka yako ilitengenezwa vizuri," akamwambia Aminieli. "Hakuna alama yake hata moja humu. Kosa lile limeshakwisha."

"Basi alitia mchanga."

"Mchanga ungeshakwangua silinda. Isingebana namna hii."

Aminieli hakufurahi. Nimewaona watu wakiambiwa gari limepona wakalia machozi, lakini huyu aliambiwa ndugu yake hana hatia, na uso ukamkauka. Nadhani miaka mitatu ya hasira ni kitu unachokizoea, ukikipokonywa unabaki hujui mikono uiweke wapi. Akalala kwa binamu yake mjini.

Jumatano asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nilimkuta Uwesu amekaa kwenye bampa ya lori, kofia yake ya kufuma usoni, na safari hii nilidhani kweli kalala. Kumbe ananisubiri.

"Swabaha, nimeota."

"Kiporo cha maharage hicho, Fundi."

"Nimeota mtu anataka kuniambia kitu, mkono umemfunika mdomo. Si mkono wa mtu mwingine. Wake mwenyewe."

Ningemcheka, lakini alilisema taratibu, na kwa namna ukungu ulivyotuzunguka tulikuwa kama watu wawili tu tuliobaki duniani pamoja na lori moja la bluu. Baadaye nilijiambia kwamba ndoto haikuwa na miujiza yoyote. Injini inahitaji mafuta, inahitaji kubana, inahitaji hewa. Mafuta alikuwa ameshayaona, kubana ameshakuona. Akili ilimaliza hesabu wakati mwili umelala.

"Hewa," nikasema.

"Hewa," akasema naye, akashuka kwenye bampa.

Aminieli alipofika akakuta Uwesu ameshafungua chujio la hewa. Safi kabisa. "Chujio hilo halijawahi kushikwa na mtu mwingine," alisema Aminieli kwa fahari kidogo. "Kila Jumamosi mchana nalitoa mwenyewe, nalipuliza vumbi, nalirudisha. Tangu baba yupo. Hata Elinipa alikuwa haruhusiwi." Uwesu akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Akatoa mpira unaotoka kwenye chujio. Akafungua bomba la chuma linalogawa hewa kwa silinda nne, boliti moja baada ya moja, bila haraka, akalilaza kwenye gunia. Matundu matatu yalikuwa na masizi ya kawaida. Kwenye tundu la nne akaingiza kidole, akatulia, akafumba macho.

Alichokitoa kilikuwa donge jeusi la ukubwa wa yai, gumu, limeloa oili. Nikasema ni kiota cha panya. Uwesu akalitia kwenye kopo la mafuta ya taa, akalisugua kwa brashi polepole, na masizi yakawa yanatoka. Zikaonekana nyuzi. Likaonekana jani, refu, lenye ngozi ngumu, limekunjwa na kufungwa fundo. Halikuwa limejifunga lenyewe. Mkono wa mtu ulilifunga kwa makini, ncha zote mbili zimechomekwa ndani.

"Jani gani hili?" aliuliza Uwesu.

Aminieli alikuwa ameketi chini. Sikumwona akiketi. Mtu mwenye koti la vifungo vyote, amekaa kwenye udongo wa gereji uliojaa oili.

"Isale," akasema.

Ikabidi atueleze, maana sisi wawili ni watu wa mjini. Mama yao alitoka Machame, na kwao, kama huku Meru, ukimkosea mtu kosa la kuvunja undugu, hutafuti maneno. Unakata jani la isale, unalifunga fundo, unamfikishia. Akilipokea, neno limekwisha. Na hakuna anayethubutu kulikataa, kwa sababu anayelikataa anakuwa yeye ndiye mkosaji, na kosa lake ni kubwa kuliko la kwanza.

"Kaka aliliweka ndani ya chujio," Aminieli alisema. Alikuwa anaongea na lile kopo. "Katikati, kwenye uwazi wa ndani. Aliona haya kuniletea mkononi, baada ya maneno niliyomwambia. Alijua Jumamosi nitafungua mwenyewe. Hakuna mkono mwingine ungeligusa."

"Na Jumamosi hukuliona?" nikauliza.

Akafikiri. Nilimwona akitafuta, amefumba macho, kama Uwesu. "Ijumaa usiku Violet, mke wa jirani, alishikwa na uchungu. Tukamkimbiza hospitali kwa lori. Nikipanda kile kilima cha hospitali ndipo lilipoanza kukohoa." Akapangusa uso, akajipaka masizi. "Lori lililimeza, dada Swabaha. Nilifika Jumamosi, nikafungua, nikakuta chujio tupu. Nikalipuliza vumbi, nikafunga. Nikasema, huyu mtu ana moyo wa jiwe, hata isale hajaleta."

Miaka mitatu alikuwa amesikia kikohozi kile kila asubuhi na kukihesabu kuwa ushahidi wa ubaya wa kaka yake. Nililia, sioni aibu kusema. Uwesu akageuka akaanza kusafisha matundu ya bomba, moja moja, kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

Alhamisi tulikwenda wote watatu. Uwesu alibeba spana zake iwapo lolote litatokea, mimi nilibeba umbea wangu. Lori lilikuwa linaimba. Tulipita Tengeru katikati ya ukungu, migomba ikitokea na kupotea pembeni, na mngurumo ule wa silinda nne uliopangana vizuri ulitufanya tusinzie macho wazi. Kiwandani Usa River wakaingiza mrija kwenye ekzosi, Aminieli akakanyaga, mashine ikasoma. Kijana wa kipimo akaitazama namba, akalitazama lori, akaitazama namba tena. Akagonga muhuri. Aminieli akaikunja karatasi akaitia mfukoni bila kuisoma, akageuza lori kurudi tulikotoka. Makumira akakata kona.

Elinipa alikuwa nyuma ya jiko la hosteli, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi kwenye beseni kubwa. Mwembamba kuliko mdogo wake, mvi zimemjaa, vidole vyeusi kwa utomvu. Aliutambua mlio wa lori kabla hajainua kichwa, nadhani, kwa sababu kisu kilisimama. Alipoinua akatuona sisi wageni nyuma ya Aminieli. Ni watu wa adabu wale, mbele yetu walizungumza Kiswahili.

"Shikamoo, kaka."

Elinipa hakuitikia. Akaendelea kumtazama. Barua ya kumwita kwenye kikao cha ukoo ilikuwa imeshamfikia, ningeapa, na alidhani tumekuja kuongeza nyingine.

Mkono mmoja Aminieli alishika jani la isale bichi, amelikata alfajiri ile nyumbani kwa binamu yake, amelifunga fundo. Mkono wa pili alishika kitambaa. Akakifungua kitambaa, akamwonyesha lile jani jeusi.

"Lilikuwa ndani ya injini. Lilinyonywa Ijumaa ile, kabla sijafungua. Tumelitoa jana."

Elinipa akakiweka kisu chini. Akalichukua lile jeusi, akaligeuza, akatazama ncha mbili zilizochomekwa ndani, kazi ya vidole vyake. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia jambo la mbali sana.

"Jumamosi ile nilikaa kibarazani kwangu. Nikakusikia unafungua chujio. Nikakusikia unapuliza. Halafu nikakusikia unalifunga, ukaligonga makofi mawili, kama unavyofanya siku zote. Nikasubiri uje. Ukaingia ndani kwako, ukafunga mlango." Akalifunika lile jani kwa kiganja. "Sikumwambia mtu. Hata Eunike sikumwambia. Aliyekataliwa isale ana nini cha kumwambia mtu?"

Nilimwona Uwesu pembeni yangu amefumba macho.

"Na Jumamosi hii?" aliuliza Elinipa.

"Jumamosi kikao kitakaa. Nitasimama mimi. Nitawaambia nililetewa isale na kaka yangu nikalikataa."

"Hukulikataa. Hukuliona."

"Miaka mitatu lilikuwa linakohoa kwenye lori langu, kaka. Na mimi nikazunguka nalo Meru nzima nikikusema vibaya."

Elinipa akanyoosha mkono wake mweusi kwa utomvu, akalipokea lile jani bichi, akaliweka mapajani pamoja na lile la zamani. Kisha akaitikia salamu.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mtoto wa mama."